KUPISHA SI KUNGOJA

Katika elimu ya kompyuta liko jambo moja dogo lililozusha ubishi kwa zaidi ya miaka 20, na kila ubishi unapopoa hutokea mtu akauchochea upya. Jambo lenyewe ni hili: uzi wa programu ulioshika kichakataji unapotamka kwa hiari yake, "Napisha, mwingine apite," mgawa zamu wa mfumo endeshi afanye nini? Wako wasemao kwamba yampasa aliheshimu tamko hilo kwa ukamilifu, aupeleke uzi huo nyuma ya nyuzi zote, wala asiurudishe mpaka zote zimekwisha kupita. Wako wengine, nami ni mmoja wao, wasemao kwamba tamko hilo, mahali pengi litumikapo, halina maana iliyo timilifu. Kwamba lawama wanazotupiwa wagawa zamu ni lawama zilizopotea njia. Na kwamba desturi ya kupisha ndani ya mzunguko usiokwisha ni kosa lililovikwa vazi la adabu. Makala haya yakusudia kulithibitisha dai hilo, na kuwajibu walioshika upande wa pili.

Kwanza yafaa maneno yawekwe wazi. Uzi ni mfululizo mmoja wa maagizo yaendayo hatua kwa hatua, na programu moja yaweza kuwa na uzi mmoja au mia. Nyuzi zikizidi idadi ya vichakataji hapana budi zipeane zamu, na mwamuzi wa zamu hizo ni mgawa zamu, aliye sehemu ya kiini cha mfumo endeshi. Uzi huondoka kichakatajini kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kuondolewa: saa hulia, mgawa zamu huona kwamba uzi umekwisha kula fungu lake, naye huuweka kando bila ya kuuliza ridhaa. Njia ya pili ni kulala: uzi husema, "Nangoja jambo fulani, litakapotokea niamsheni," kisha huondolewa katika foleni kabisa. Njia ya tatu ndiyo kupisha: uzi husema tu, "Sitaki kuendelea sasa hivi," lakini hubaki katika foleni hali ya kuwa tayari kukimbia.

Msomaji aangalie tofauti ya njia hizi mbili za mwisho, maana ubishi wote umo humo. Alalaye ametaja haja yake. Apishaye hakutaja neno. Mgawa zamu amwonapo aliyelala anajua kwamba si vema kumwamsha kabla ya jambo lake kutimia. Amwonapo aliyepisha hajui kama anangoja kufuli lifunguliwe, au anamwonea haya jirani, au ametumwa tu na mwandishi wa programu aliyesikia kwamba kupisha ni jambo jema. Asiyetaja haja yake hawezi kulaumu kwamba haja yake haikutimizwa.

Kulikuwa na zama ambazo kupisha kulikuwa ndiyo sheria nzima ya nchi. Windows 3.1 ya mwaka 1992, na Mac OS ya kale iliyotumika mpaka ilipotokea Mac OS X mwaka 2001, zilitegemea kila programu irudishe kichakataji kwa hiari. Programu moja ikikataa, au ikinaswa katika hesabu ndefu, mashine yote ilisimama, na mwenye mashine hakuwa na dawa ila kuizima na kuiwasha tena. Jambo hilo halikuwa la lazima, kwani tangu mwaka 1961 Fernando Corbató na wenziwe katika chuo cha MIT walikuwa wamekwisha kuonyesha, kwa mfumo wao uitwao CTSS, kwamba saa yaweza kumnyang'anya zamu yeyote bila ya kumwomba. Lakini fundisho hilo husahauliwa mara kwa mara. Hata lugha ya Go, iliyotungwa na mabingwa, ilikaa miaka mingi ikitegemea nyuzi zake nyepesi zipishe katika vituo maalumu vya programu. Mzunguko mkali usiokuwa na kituo uliweza kuzuia programu nzima isiendelee, mpaka toleo la 1.14 la Februari 2020 lilipoleta uwezo wa kuzikatiza. Historia yote hii yasema neno moja: utawala uliojengwa juu ya hiari ya watawaliwa huanguka kwa kosa la mmoja wao.

Sasa tuje kwenye kesi yenyewe. Wito uitwao sched_yield uliwekwa katika kanuni za POSIX mwaka 1993, pamoja na kanuni za kazi zenye kufuata saa kwa ukali. Katika kazi za namna hiyo kila uzi una daraja lake, na kila daraja lina foleni yake iliyonyooka. Uzi ukipisha, huenda mkiani mwa foleni ya daraja lake, na hurudi utakapofika kichwani tena. Hapo maana imekamilika wala hapana la kubishana: foleni ipo, mkia unajulikana, na walio mbele wanahesabika.

Lakini nyuzi nyingi mno za dunia hii hazimo katika daraja hizo. Zimo katika tabaka la kawaida, ambalo kanuni haikulieleza foleni yake, na kwa hiyo haikueleza kupisha ndani yake ni nini. Watunga kanuni waliacha pengo, na hapo nawapa sehemu yao ya lawama, kwa kuwa waliruhusu wito huo uitwe mahali wasipoupa maana. Waandishi wa programu wakalijaza pengo hilo kwa matumaini, kila mmoja kwa tumaini lake.

Tazama yaliyotokea katika Linux. Mgawa zamu aliyeandikwa na Ingo Molnár, aliyeingia katika toleo la 2.6 la Desemba 2003, alikuwa na majedwali mawili: moja la nyuzi zenye fungu la wakati lililobaki, na la pili la nyuzi zilizokwisha mafungu yao. Uzi uliopisha ulipelekwa katika jedwali la pili, ukakaa huko mpaka nyuzi zote za jedwali la kwanza zimalize. Je, hii si heshima kamili ya tamko? Ndiyo, lakini programu ya OpenOffice, iliyokuwa ikipisha mara kwa mara, ikawa nzito kama mtumbwi uliojaa maji kila mashine ilipokuwa na kazi nyingi. Watu wakalalamika kwamba mpishaji amepelekwa mbali mno.

Oktoba 2007 likatoka toleo la 2.6.23, na ndani yake mgawa zamu mpya wa Molnár huyo huyo, aitwaye CFS. Huyu hakuwa na majedwali mawili. Alikuwa na daftari la madeni: kila uzi uliandikiwa wakati uliokwisha kuutumia, na zamu ilipewa uzi uliotumia kidogo kuliko wote. Tuchukue mfano. Uzi wa kwanza umetumia milisekunde 40, wa pili na wa tatu wametumia 55 kila mmoja. Uzi wa kwanza ukipisha, mgawa zamu atafungua daftari, ataona kwamba huyo ndiye aliyetumia kidogo kuliko wote, na kwamba haki yadai apewe yeye. Basi zamu itamrudia papo hapo. Programu ya iperf, ipimayo mwendo wa mitandao, ikapungua nguvu ghafula. Watu wakalalamika kwamba mpishaji amerudishwa karibu mno.

Namsihi msomaji asimame hapa kidogo. Katika miaka ya 2.6 ya mwanzo kosa la mgawa zamu lilikuwa kumpeleka mpishaji mbali. Mwaka 2007 kosa lake likawa kumrudisha karibu. Malalamiko mawili yaliyo kinyume kabisa yalitolewa juu ya wito mmoja. Kama wito huo ungekuwa na maana moja inayojulikana, lingewezekanaje jambo hilo? Walalamikaji hawakuwa na haki moja iliyovunjwa. Walikuwa na mazoea tofauti, kila mmoja akiyaita mazoea yake sheria.

Na ilikuwaje habari ya iperf? Molnár aliisoma programu yenyewe, akakuta uzi mmoja ukimngoja mwenziwe kwa kupisha na kupisha tena bila ya kikomo. Akaandika masahihisho ili uzi huo ulale mpaka uamshwe, na shida ikaondoka. Dawa haikupatikana kwa mgawa zamu, ilipatikana kwa mpishaji. Hata hivyo viongozi wa Linux waliongeza swichi ya kuridhisha wateja wa zamani, ambayo ilimtupa mpishaji mwisho kabisa wa daftari. Mwaka 2011 swichi hiyo ikaondolewa, na badala yake mpishaji akarukwa mara moja tu, tena kwa sharti kwamba kumruka kusiharibu mizani ya haki. Oktoba 2023, katika toleo la 6.6, CFS ikapisha mgawa zamu aitwaye EEVDF, aliyejengwa juu ya makala ya Ion Stoica na Hussein Abdel-Wahab ya mwaka 1995. Katika toleo hilo kupisha kulikuwa na maana ya kuisogeza mbele saa ya mwisho ya uzi kwa kipimo cha fungu moja. Hesabu maana hizo: mbali, karibu, mwisho kabisa, kurukwa mara moja, kusogezewa saa. Neno moja, tafsiri tano, na kila tafsiri ilikuwa halali mbele ya kanuni. Mwandishi ajengaye nyumba yake juu ya neno kama hilo amejenga juu ya mchanga.

Sasa tuwasikilize wapinzani wetu, maana hoja zao si za kupuuzwa.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba kiini hakina ruhusa ya kuvunja programu iliyokuwa ikifanya kazi. Hiyo ni kanuni tukufu, na Linus Torvalds mwenyewe ameilinda kwa ukali miaka mingi. Lakini kanuni hiyo hulinda ahadi, na hapa hapakuwa na ahadi. Kama kila tabia ya bahati ingegeuzwa haki, hapana mgawa zamu ambaye angeweza kurekebishwa tena, hata pale marekebisho yanapowafaa maelfu na kumuudhi mmoja.

Hoja ya pili ni ya moyo zaidi: kwamba mwenye adabu athaminiwe, na uzi uliopisha kabla ya fungu lake kwisha upewe malipo. Hoja hii ni tamu sikioni, na hatari yake ndiyo hiyo. Corbató na wenziwe walipanga nyuzi kwa daraja, na uzi ulioacha kichakataji mapema ulibaki juu, kwa kudhaniwa kwamba unamhudumia mtu aliyeketi mbele ya mashine. Mpango huo ni wa busara, lakini mjanja aliyejua siri yake aliweza kufanya kazi karibu fungu zima, akaondoka dakika ya mwisho, akabaki juu daima. Mwaka 2007 wachunguzi watatu, Dan Tsafrir, Yoav Etsion na Dror Feitelson, walionyesha kwamba katika mifumo endeshi kadhaa programu isiyo na cheo chochote iliweza kujitwalia karibu kichakataji chote kwa kuondoka kabla tu ya mlio wa saa, hata mlio ukamkuta mwingine na deni likaandikwa kwa asiyekopa. Ukitoa malipo kwa dalili ya adabu, watakaokuja kuyapokea ni wajuao kuiga dalili. Daftari la madeni halidanganyiki kwa urahisi huo, kwa sababu halitazami tabia ya uzi bali wakati ulioutumia.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Wasema: kulala na kuamshwa kuna gharama, kufuli nyingi hushikwa kwa muda mfupi mno, labda chini ya mikrosekunde moja, mwenye kulala kwa jambo dogo hivyo amepoteza zaidi kuliko aliyesubiri akiwa macho. Tena waongeza, asiyekuwapo na lake halipo, na aliyelala atakuta kufuli limechukuliwa na wengine. Nakiri kwamba kusubiri macho kwa kitambo kifupi kuna faida pale mwenye kufuli anapokimbia wakati huo huo katika kichakataji kingine. Lakini hoja hiyo yatetea kusubiri macho, haitetei kupisha. Apishaye hulipa gharama ya kuingia katika kiini kama alalaye, kisha hatoi habari ambayo alalaye huitoa. Amekosa wepesi wa aliyekesha na amekosa busara ya aliyelala. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, na mzunguko wa kupisha si kitu ila nenda uje isiyokwisha.

Zaidi ya hayo, kompyuta ya leo ina vichakataji vingi, na katika Linux kila kichakataji kina foleni yake. Uzi ukipisha katika foleni yake, na mwenye kufuli akawa ameketi katika foleni ya kichakataji kingine, amempisha nani? Amewapisha wasiohusika. Windows nayo ina wito wa namna hii uitwao SwitchToThread, na uwezo wake haupiti kichakataji kile kile ulikoitwa. Desemba 2019 mwandishi mmoja wa michezo ya kompyuta alichapisha vipimo vya kufuli alizojitungia mwenyewe, akamshutumu mgawa zamu wa Linux. Torvalds alimjibu kwamba vipimo hivyo havikupima alichodhani, kwa kuwa uzi waweza kuondolewa kichakatajini baina ya kuangalia saa na kuachia kufuli. Na kwamba asiyemwambia mgawa zamu anangoja kitu gani asitazamie kusaidiwa. Jibu lilikuwa kali kwa maneno, lakini hoja yake haijajibiwa mpaka leo.

Na madhara si ya mwendo peke yake. Fikiri uzi wa daraja la juu, katika kazi zifuatazo saa kwa ukali, ungojao kufuli lililoshikwa na uzi wa daraja la chini katika kichakataji kile kile. Wa juu hupisha. Lakini kupisha ni kwenda mkiani mwa daraja lake, na katika daraja hilo yumo peke yake, basi hurudi saa ile ile. Wa chini hapati hata nukta ya kuachia kufuli. Mashine haikuharibika, kanuni haikuvunjwa, na kazi haitakwisha milele. Linganisha na habari ya chombo Mars Pathfinder kilichotua katika sayari ya Mars tarehe 4 Julai 1997. Huko nako uzi wa daraja la juu ulingoja kufuli la uzi wa daraja la chini, nyuzi za kati zikamzuia wa chini asimalize, na mlinzi wa mfumo akaiwasha kompyuta upya mara kadhaa. Lakini uzi ule wa juu ulikuwa umelala juu ya kufuli lenye mwenyewe anayejulikana. Kwa hiyo mafundi waliokuwa duniani waliweza kuwasha sharti lililokuwamo tayari katika mfumo wa VxWorks, ambalo humpa mwenye kufuli daraja la yule anayemngoja, na shida ikaisha. Kama uzi ule ungalikuwa ukipisha tu, sharti hilo lisingalikuwa na mtu wa kumpa daraja, kwa sababu hapana ambaye angalijua nani anamngoja nani.

Liko na dhara la karibu zaidi. Pasipokuwa na uzi mwingine ulio tayari, kupisha hurudi papo hapo, nao mzunguko huenda mbio bila ya kupumzika. Kichakataji ambacho kingelala hukesha, na mfumo hudhani pana kazi kubwa kumbe pana mtu asemaye "piteni" katika njia isiyo na wapitao. Simu nyingi zilizomo mikononi mwa watu wetu huendeshwa na Android, ambayo kiini chake ni Linux. Programu ingojayo kwa kupisha huila betri ya simu hiyo bila ya kumfanyia mwenyewe kazi yoyote, na gharama humwangukia mtu ambaye kwake umeme si jambo la hakika kila saa.

Njia iliyo bora haikufichika. Edsger Dijkstra aliieleza katika miaka ya 1960 kwa ishara zake za kungoja na kuamsha. Katika Linux, tangu mwaka 2002, kuna chombo kiitwacho futeksi, kazi ya Hubertus Franke, Rusty Russell na Matthew Kirkwood. Kufuli likiwa wazi, uzi hulichukua bila ya kuingia katika kiini hata kidogo. Likiwa limeshikwa, ndipo uzi humwendea mgawa zamu na kutaja anwani ya kufuli hilo, kisha hulala. Mwenye kufuli akiliachia, humwamsha anayengoja. Hapo ile methali ya wapinzani hupoteza makali yake: aliyelala hayupo katika foleni, lakini lake lipo, kwa kuwa jina lake limeandikwa.

Sisemi kwamba wito wa kupisha ufutwe. Una haki yake katika daraja za kazi zifuatazo saa, kwa nyuzi za daraja moja zilizokubaliana. Una haki pia ndani ya programu moja yenye nyuzi zake nyepesi, ambamo mtungaji ni mmoja na mgawa zamu ni wake mwenyewe. Nisemalo ni kwamba katika tabaka la kawaida, kutumia kupisha badala ya kungoja ni kosa la mtungaji, wala si la mgawa zamu. Hata kurasa za mwongozo wa Linux zenyewe huonya kwamba matumizi hayo aghalabu ni alama ya programu iliyopangwa vibaya.

Basi wafundishao elimu hii katika vyuo vyetu yawapasa kuacha kuwaonyesha wanafunzi mzunguko wa kupisha kama mfano wa uungwana. Mwanafunzi afundishwe kwanza kuuliza: uzi huu unangoja nini, na nani atakayelitimiza? Akiweza kujibu, ana chombo cha kungojea, nacho akitumie. Asipoweza kujibu, kupisha hakutamwokoa, kwa sababu ambalo yeye mwenyewe hakulijua, mgawa zamu hawezi kumjulia.